Je, wajua kwa nini Finland humpa mtu nyumba kabla hajaacha pombe?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu anayelala nje hupewa nyumba mwishoni. Kwanza aache ulevi, atibiwe, azoee kuamka mapema na kutunza hela, ndipo akabidhiwe ufunguo. Iliniingia akilini kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: maliza kazi, kisha ukacheze. Niliposikia kwamba Finland inaanza na ufunguo, nikadhani ni huruma ya nchi tajiri. Nilikosea, na inafaa kulichambua kosa hilo, maana hata sera za Finland ziliegemea fikra hiyohiyo hadi mwaka 2008.

Utaratibu wa zamani ulikuwa wa ngazi. Mtu alianzia kwenye bweni la usiku. Akikaa bila kulewa, alipandishwa hadi makazi ya muda, kisha ya majaribio, na juu kabisa kulikuwa na nyumba. Akiteleza, alirudi chini.

Sasa chukua kibatari, mpe mtu aliyesimama uani upepo ukivuma, umwambie: ukikiwasha kisizimike, nitakufungulia mlango. Anakiwasha, kinazimika. Anakikinga kwa kiganja, kinazimika tena. Mara ya kumi unaandika kwenye faili lake kwamba huyu hawezi kuwasha taa, na bado hujawahi kumwona akijaribu ndani ya nyumba.

Upepo wa bweni ni huu: viatu umeviweka chini ya kichwa visiibiwe, dawa za presha hazionekani kwenye mfuko wa nailoni, wa kitanda cha pili anafungua chupa saa nane usiku. Asubuhi unatakiwa utoke na virago vyako. Barua ya hospitali haina pa kufikia. Kumtaka mtu aachane na pombe humo ni kumtaka afanye jambo gumu kuliko yote mahali pabaya kuliko pote. Na wapo wengi wasiokunywa kabisa, waliofikishwa hapo na talaka, deni au ugonjwa, ambao ngazi hiyo iliwasubirisha bure.

Nilikosea pia kudhani nyumba ni ya bure. Mtu anatia saini mkataba wa upangaji kwa jina lake na kulipa kodi, mara nyingi kwa kusaidiwa na ruzuku ya serikali. Haki na masharti yake ni ya mpangaji yeyote. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii wapo karibu, na tiba ipo kwa anayeitaka, lakini kuikataa hakumfukuzishi mtu kwake.

Sera hiyo, iitwayo Nyumba Kwanza, iliingia kwa mpango wa kitaifa wa 2008 kati ya serikali kuu na miji mikubwa. Mabweni yenyewe yaligeuzwa kuwa nyumba. Jijini Helsinki, bweni la Jeshi la Wokovu katika mtaa wa Alppikatu, lililokuwa na vitanda zaidi ya 200, lilifumuliwa likawa nyumba ndogo takribani 80, kila moja na mlango wake. Vitanda vya mabweni jijini humo vilikuwa 558 mwaka 2008. Kufikia 2016 vilibaki 52. Nyumba nyingine zilinunuliwa mojamoja katika majengo ya kawaida na Y-Säätiö, taasisi iliyoanzishwa 1985, na sehemu ya fedha zake ilitoka kwenye mapato ya mashine za kamari. Hilo lilinishangaza kuliko yote.

Matokeo? Mwaka 1987 wasio na makazi walizidi 18,000. Mwaka 2023 walikuwa 3,429, wakiwemo wanaolala kwa muda kwa ndugu na marafiki. Lakini tusiipe Nyumba Kwanza sifa yote, kwani sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokea kabla ya 2008, nyumba za bei nafuu zilipoongezwa.

Ushahidi ulio safi zaidi unatoka Kanada. Kati ya 2009 na 2013, watu wapatao 2,000 katika miji mitano waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakaingizwa Nyumba Kwanza, wengine wakaachiwa huduma za kawaida. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya kundi la kwanza walikuwa na makazi muda wote, dhidi ya 31 ya kundi la pili. Kwenye ulevi na afya ya akili, makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa. Kwa hiyo anayeahidi kwamba ufunguo pekee utamtoa mtu kwenye chupa anazidisha.

Mwaka 2024 idadi ya wasio na makazi Finland ilipanda hadi 3,806, baada ya kushuka kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka huohuo serikali ilikuwa imepunguza ruzuku ya makazi, ileile ambayo mpangaji mpya huitegemea kulipa kodi yake.