Kiharusi Hutambuliwa Nyumbani, Kipimo cha Shingo Hufuata Baadaye

Kila inapokaribia tarehe 29 Oktoba, Siku ya Kiharusi Duniani, idara yetu ya picha hupokea watu wengi wenye afya njema wanaotaka kupimwa mishipa ya shingo, kwa kuwa wamesikia kwamba kipimo hicho kinaonyesha nani atapata kiharusi. Wakati huohuo, wagonjwa waliokwisha kupata kiharusi wanaendelea kuletwa siku ya pili au ya tatu, wengine baada ya wiki, wakati dawa ya kuyeyusha bonge la damu haiwezi tena kutolewa. Elimu imefika kwa wananchi, lakini lililopaswa kutangulia limeachwa nyuma.

Dalili za kiharusi huja ghafla. Mdomo huvutwa upande mmoja, mkono au mguu wa upande mmoja huishiwa nguvu au hufa ganzi, maneno huvurugika au hayatoki kabisa. Wengine hupoteza uoni wa jicho moja, hupepesuka, au huumwa kichwa kwa ukali ambao hawajapata kuujua. Mwombeni mgonjwa atabasamu, anyanyue mikono yote miwili akiwa amefumba macho, kisha arudie sentensi fupi. Kasoro moja inatosha kumpeleka hospitali, hata ikitoweka baada ya dakika kumi, kwa sababu dalili za kupita ni onyo kwamba kiharusi kamili kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Daktari atauliza mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho saa ngapi, na hapo ndipo ndugu wengi hukwama. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu wakati huo. Aliyelala saa 4 usiku akiwa mzima na kuamka saa 12 asubuhi akiwa amepooza huhesabiwa tangu saa 4 usiku, isipokuwa picha za ubongo zithibitishe vinginevyo. Andikeni saa hiyo kwenye karatasi, pamoja na majina ya dawa anazotumia, na msisubiri barua ya rufaa, kwa kuwa hii ni dharura. Tena afikishwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye mashine ya CT, inayopiga picha ya ndani ya kichwa, ikiwa ipo karibu, kwani ndiyo inayotofautisha mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka. Kabla ya picha hiyo asipewe aspirini, ambayo humwongezea hatari mwenye kuvuja damu, wala asipewe chakula au maji, kwa kuwa koo linaweza kuwa limepooza pia.

Niseme wazi, bila kudharau imani ya mtu. Kuvutwa mdomo na kupooza kwa ghafla si upepo mbaya wala jini, na malaria haijampanda kichwani. Kumchua kwa mafuta, kumtoboa vidole kwa sindano au kumzungusha kwa waganga hakuyeyushi bonge lolote, na tumekwisha kulieleza hili kwa miaka mingi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya wa kiharusi takribani 109 Hai na 316 Dar es Salaam kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Chanzo kinachoongoza ni presha isiyotibiwa.

Sasa kuhusu kipimo chenyewe cha shingo. Kila upande wa shingo kuna mshipa mkubwa unaopanda kutoka kifuani, ambao karibu na pembe ya taya hugawanyika, tawi moja likielekea ubongoni na jingine usoni. Kwenye njiapanda hiyo ndiko mafuta huganda ukutani, na kipande kikimeguka husafiri hadi ubongoni. Mgonjwa hahitaji kufunga kula. Aje na nguo isiyobana shingo, bila mikufu, na mwenye hijabu ataombwa kuilegeza katika chumba chenye faragha. Hulazwa chali, hupakwa jeli, na kifaa cha ultrasaundi hupitishwa taratibu kutoka juu ya mtulinga hadi chini ya taya, kulia na kushoto, pamoja na mishipa miwili ya nyuma inayopita kwenye pingili. Kazi yote huchukua kama nusu saa, haiumi na haina mionzi. Mtaalamu hupima pia kasi ya damu, maana damu huongeza mbio inapopita palipobana, kama maji ya mpira uliobanwa mdomo. Kasi ikifikia sentimita 125 kwa sekunde katika tawi la ubongoni, tunashuku mshipa umeziba kwa nusu au zaidi. Ikivuka 230, kwa asilimia 70 au zaidi.

Aliyepata kiharusi au dalili za kupita, na mshipa unaohusika ukawa umeziba kwa asilimia 70 hadi 99, anaweza kunufaika sana na upasuaji wa kuusafisha, hasa ndani ya wiki mbili. Kwa asilimia 50 hadi 69 faida ni ndogo zaidi, na mshipa ulioziba kabisa kwa kawaida haufunguliwi. Aliyepooza kushoto asishangae tukisisitiza mshipa wa kulia, kwani nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayoongoza upande wa kushoto wa mwili.

Kwa asiye na dalili hali ni tofauti. Jopo la huduma za kinga la Marekani lilirudia mwaka 2021 pendekezo lake kwamba watu wazima wasio na dalili wasipimwe kwa jumla, kwa kuwa majibu yasiyo sahihi huweza kumfikisha mtu kwenye upasuaji ambao wenyewe unaweza kuleta kiharusi. Tena shingo safi haimkingi mwenye presha, ambayo huharibu mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, wala mwenye moyo usiopiga kwa mpangilio. Hao wapimwe presha na moyo kwanza.

Kundi ambalo tunalihimiza lipimwe kabla ya dalili ni watoto wenye seli mundu, wa miaka 2 hadi 16, ambao hupimwa kasi ya damu katika mishipa ya ndani ya kichwa kila mwaka. Ikifikia sentimita 200 kwa sekunde, huhitaji kinga ya kuongezewa damu mara kwa mara, au dawa ya haidroksiurea pale damu isipopatikana kwa uhakika. Mzazi akiulizie kipimo hiki kliniki, aje na kadi ya mtoto, na asimlete siku ambayo ana homa wala kumwacha asinzie wakati wa kupimwa, kwa sababu hali zote mbili hubadilisha majibu.