Kulaza asparaga: maana yake kwa mwenye bustani Dar es Salaam

Kulaza asparaga ni kuunyima mmea maji kwa makusudi, wiki nne hadi sita, mpaka majani yake yageuke manjano na kukauka. Kisha unayakata usawa wa ardhi, unaweka samadi na kuanza kumwagilia upya. Ukimwambia hivyo mtu ambaye kila jioni anahangaika na ndoo kunusuru mchicha wake, atakuona unautesa mmea. Kumbe kwa jiji kama letu, kazi hiyo ndiyo inayoamua kama asparaga itakaa miaka au itakufa ndani ya mwaka mmoja. Ili ieleweke, inabidi tuanze na mmea wenyewe.

Asparaga, wengine hutamka asparagasi, ni mboga ya kudumu. Haipandwi kila msimu kama bamia. Katika nchi za baridi, ikishapandwa mara moja inaweza kukaa shambani miaka 15 na zaidi. Tunachokula ni chipukizi, yaani shina changa linalochomoza ardhini limenyooka, halina tawi, na kichwa chake kimefumba kama ncha ya brashi ya rangi iliyolowa. Vile vigamba vidogo vya pembetatu vilivyolala ubavuni mwake ndivyo majani halisi ya mmea huu. Ukiliacha chipukizi bila kulikata, kichwa kinafumbuka, matawi yanatawanyika, na baada ya wiki chache linakuwa kichaka chepesi cha nyuzi za kijani, pengine kufikia kimo cha mtu. Nyuzi hizo kitaalamu ni vitawi vinavyofanya kazi ya majani, lakini kila mtu anaziita majani, nami nitaziita hivyo.

Siri yote iko chini ya udongo. Kuna tunguu lililolala kama la tangawizi, lina macho juu yake, na pembeni yake imeshuka mizizi minene ya unene wa penseli. Nilipong'oa la kwanza kulitazama nililiweka juu ya gunia, na mizizi ilitawanyika pande zote kama pweza aliyetandazwa kwenye meza pale Feri. Ukiukata mzizi mmoja unaona ndani mweupe, wenye maji maji. Hapo ndipo sukari inapokaa.

Mizizi hiyo ni kibubu cha mmea. Majani yakipata jua yanatengeneza sukari na kuitumbukiza humo. Chipukizi likichomoza, linajengwa kwa sukari hiyohiyo, kwa sababu lenyewe bado halina majani ya kujilisha. Kwa hiyo kila unapokata chipukizi umetoa kwenye kibubu, na kila unapoliacha shina likatawanya majani umeweka. Mambo mengine yote ya asparaga yanatokana na hesabu hii.

Kwa wenzetu wa Ulaya, baridi ndiyo inayoisimamia. Ikianza, majani yanakuwa manjano, sukari inarudi chini, na mmea unalala kwa miezi. Udongo ukipata joto tena, macho yanaamka karibu kwa pamoja, mkulima anakata kwa wiki sita au nane, kisha anaacha mashina yaote na kujaza kibubu mpaka baridi nyingine. Hata hapa nchini, mtu wa Makete, ambako Juni na Julai umande unaganda, anaweza kupata msaada huo wa bure. Dar hatuna. Usiku wa Julai unaotufanya tutafute sweta, kwa asparaga ni hali nzuri ya kazi. Mmea hauambiwi na kitu chochote kwamba sasa pumzika. Unatoa chipukizi moja leo, jingine keshokutwa, mwaka mzima, na kadiri siku zinavyokwenda yanatoka membamba zaidi. Mwenye bustani anafurahi, anakata kila linalochomoza, halafu mmea unadhoofika na kufa. Hapo ndipo watu wanaposema asparaga haikubali joto. Joto inalikubali. Kilichokauka ni kibubu.

Ushahidi uko Peru. Maeneo yake ya pwani yanayolima asparaga, kama Ica na La Libertad, ni jangwa lisilo na baridi ya kugandisha, na bado nchi hiyo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa asparaga duniani. Huko wakulima wanaushika mmea kwa bomba: wakipunguza maji unapumzika, wakifungulia unaamka. Jangwa linawasaidia kwa kuwa hakuna mvua ya kuvuruga ratiba yao. Sisi mvua tunazo mara mbili kwa mwaka, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, hivyo nafasi yetu ya kulaza ni kipupwe, masika yakishaisha kabisa.

Mimi nafunga maji mwanzoni mwa Julai. Bustani yangu iko Kigamboni, udongo ni mchanga mtupu, na mchanga una faida hapa kwa sababu unakauka upesi. Manyunyu ya mwezi huo hayaharibu kitu. Wiki ya pili majani ya chini yanaanza kupauka. Kufika wiki ya tano kichaka chote kina rangi ya majani ya mwembe yaliyoanguka, na hapo nakata. Mabaki nayatoa bustanini na kuyachoma, siyatupi pembeni, maana vimelea vya ugonjwa hukaa humo. Kisha samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, debe moja kwa kila hatua mbili za tuta, na maji ya kutosha kushuka mpaka kwenye mizizi. Kama siku kumi baadaye, asubuhi, utaona mchanga umeinuka na kupasuka mahali, kama vile kuna kidole kinausukuma kutoka chini. Jioni ya siku hiyohiyo kichwa cha zambarau iliyochanganyika na kijani kimeshatokeza.

Ipo njia ya pili, na kwa Dar ni vyema uijue kwa sababu vuli ikishaanza huwezi kuunyima mmea maji wakati mbingu zinamwaga. Inaitwa njia ya shina mama, nayo imetumika sana Taiwan na Thailand, nchi zenye joto na unyevu kama wetu. Katika kila mmea unaacha mashina matatu hadi matano yakue na kutawanya majani. Hayo ndiyo mama. Machipukizi mengine yanayotoka unayakata na kula. Mama wanaweka kwenye kibubu, wewe unatoa kidogo kidogo. Baada ya miezi miwili au mitatu mama wamezeeka, majani yamefifia, basi unaacha machipukizi mengine manono yashike nafasi yao na kuwakata wale wa zamani. Wakipita kimo cha kifua wafungie kamba kwenye miti miwili, na ncha zao zikate, la sivyo upepo wa bahari utawalaza. Mimi natumia njia zote mbili: nalaza kipupwe, nakata machipukizi yote kwa wiki nne za mwanzo, halafu naacha mama mpaka kipupwe kingine.

Kuupata mmea wenyewe ndiyo ngazi inayowaangusha wengi, nami iliniangusha. Kwa wauza miche wa kando ya barabara kuna mimea inayoitwa asparaga ambayo siyo ya kula. Kijana mmoja alinionyesha mkebe wenye majani laini ya kupendeza. "Hiyo hapo mama, asparagasi yenyewe." Sikumlaumu, kwa sababu jina alilonipa ni la kweli, ukoo wa asparaga una spishi nyingi, na kadhaa ni maua ya mapambo. Nilimwagilia mwaka mzima nikingoja machipukizi manono, nikapata nyuzi zenye miiba. Ile ni Asparagus setaceus, ambayo majani yake bapa mafundi wa mapambo huyatia kwenye mashada ya harusi. Nyingine ni Asparagus densiflorus, inayoning'inia kwenye vyungu vya barazani. Pia katika vichaka vya Afrika Mashariki huota Asparagus africanus, yenye miiba na kupenda kuparamia. Ya kula ni Asparagus officinalis. Pitisha vidole kwenye shina polepole kutoka juu kwenda chini: ikikuchoma au kukukwaruza, siyo yenyewe. Asparaga ya kula haina miiba, na majani yake yametawanyika kila upande kama moshi, hayakulala bapa kama feni ya mkono.

Kuna wanaonunua fungu dukani na kulitia ndani ya maji wakitumaini litatoa mizizi. Halitatoa. Chipukizi lililokatwa limeachana na tunguu, na macho ya kuota upya yako kwenye tunguu. Hata likisimama kijani wiki nzima kwenye glasi, linamalizia chakula lililokuja nacho.

Njia ya uhakika kwetu ni mbegu. Ulizia maduka ya pembejeo, Kariakoo ukianzia, na uhakikishe kwenye pakiti pameandikwa officinalis. Aina iitwayo UC 157, iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha California, inasifika kwa kuvumilia sehemu za joto. Mary Washington ni ya zamani na hupatikana kirahisi zaidi. Matunguu ya kupandikiza kutoka nje yanaokoa mwaka, lakini ni mimea hai yenye mizizi, na kuyaingiza nchini kunahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA. Usiyafiche kwenye begi. Ugonjwa mmoja wa udongo ukiingia na mzizi, hautoki tena.

Mbegu ni nyeusi na ngumu. Iloweke usiku kucha, ipande kina cha sentimita mbili kwenye viriba, mahali penye kivuli chepesi. Joto letu hapa ni neema, kwani mbegu ya asparaga huota vizuri kwenye nyuzijoto 25 hadi 30, na ndani ya wiki mbili au tatu utaona uzi mmoja mwembamba kama wa kushonea. Nilishamwona jirani akiung'oa akidhani ni jani la nyasi. Sia Februari, tunza kwenye viriba masika yote, hamishia kwenye tuta mwezi wa Juni. Acha sentimita 40 kati ya mche na mche. Vitabu vya nchi za baridi vinasema chimba mtaro, lakini kwetu inua tuta, hasa kama uko sehemu ambazo maji husimama mvua ikinyesha, kwa sababu tunguu lililolowa muda mrefu linaoza.

Kuhusu udongo sina wasiwasi nasi. Asparaga asili yake inahusisha fukwe na ardhi za mchanga za Ulaya na Asia ya magharibi, ndiyo maana inavumilia chumvi kuliko mboga nyingi. Mwenye kisima chenye ladha ya chumvi, ambacho nyanya zimekikataa, anaweza kukijaribia asparaga iliyokwisha komaa. Miche michanga ipe maji matamu. Isichopenda ni uchachu wa udongo. Majivu ya jikoni kidogo mara moja kwa mwaka yanasaidia.

Adui mkubwa ni masika. Mvua ikirusha matone ya udongo kwenye mashina, kuvu huingia na kuacha madoa ya kahawia yenye umbo la yai, katikati yamejaa vidoti vyeusi, na shina linakauka kutoka hapo kwenda juu. Tandaza nyasi kavu chini, mwagilia kwenye mizizi badala ya juu, na shina lenye doa likate siku ulipoliona.

Usivune mwaka wa kwanza. Najua ni kishawishi, maana kwa joto letu mmea unakua haraka, lakini kibubu bado kitupu. Mwaka wa pili kata wiki mbili tu. Baadaye utagundua kwamba mimea mingine inazaa vitunda vyekundu na mingine haizai kitu: yenye vitunda ni jike, nayo kwa kawaida hutoa machipukizi machache kuliko dume, kwa kuwa nguvu nyingine inakwenda kwenye mbegu. Vitunda hivyo haviliwi, na vinapendeza machoni mwa watoto, kwa hiyo mimi navichuma mapema.

Wakati wa kuvuna, joto linakuharakisha. Chipukizi linaweza kurefuka sentimita kumi kwa siku moja, na kichwa kinafumbuka likiwa fupi kuliko la Ulaya. Nakata likiwa na sentimita 15 hadi 18, asubuhi na jioni, kabla vigamba vya kichwani havijaachana. Linapokatwa bichi namna hiyo linalia "ta!" likivunjwa, na tone la maji linatoka pale lilipovunjika. Utamu wake unapungua saa baada ya saa, hivyo sufuria iwe jikoni kabla kisu hakijaenda bustanini. Dakika tatu kwenye maji yanayochemka, chumvi, ndimu, basi.

Unene wa chipukizi ndio unaokusomea kibubu. Yakitoka manono kama kidole, endelea. Siku yakianza kutoka membamba kama kijiti cha mshikaki, hata kama ni wiki ya tatu tu, kisu nakirudisha jikoni na yote yanayofuata nayaacha yawe mama.