Mbwa anayejikuna sio lazima awe mchafu, na mambo mengine tunayodanganyana kuhusu aleji za mbwa na paka

Mbwa akianza kujikuna mtaani kwetu jibu huwa ni moja tu, huyo mchafu, muogeshe. Basi anaogeshwa kila siku na sabuni ya unga, ikishindikana anapakwa oili chafu ya gari, na kiumbe wa watu anazidi kuumia. Mbwa msafi anayelala ndani kwenye zulia anapata aleji vilevile. Aleji ni kinga ya mwili kupambana na kitu ambacho kwa mwingine hakina shida yoyote, iwe mate ya kiroboto, utitiri wa kwenye vumbi la ndani, chavua, ukungu au protini ya chakula. Sabuni ya unga inakausha ngozi, na ngozi kavu inawasha zaidi. Oili chafu ndo kabisa, inaunguza ngozi halafu mbwa anailamba yote inaingia tumboni. Tafuta shampuu ya mbwa, tumia maji ya uvuguvugu au ya baridi, liache povu likae kama dakika 10 ndo usuuze.

"Nimemkagua sijaona kiroboto hata mmoja." Hii naisikia sana na ndo inayotesa wanyama wengi. Mnyama mwenye aleji ya viroboto hahitaji viroboto mia, anayemsumbua ni yale mate, wakimuuma wachache tu anawashwa siku kadhaa, tena paka anajilamba kutwa nzima anawameza kwahiyo lazima usiwaone. Fanya hivi: lowanisha tishu nyeupe, iweke chini yake, mchane manyoya ya kiunoni karibu na mkia kwa kitana chembamba. Zikidondoka punje nyeusi kama pilipili manga na kwenye tishu zikaanza kuachia rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mnyama wako mwenyewe. Angalia pia sehemu anayojikuna, kwa mbwa ikiwa ni kiunoni, mwanzo wa mkia na mapaja ya nyuma basi viroboto ndo washukiwa namba moja. Kwa paka pitisha vidole mgongoni na shingoni, utahisi vigamba vidogo vidogo hata kabla hujaviona, na wengine wanajilamba tumbo mpaka linabaki na upara, mwenye paka anadhani manyoya yanapukutika yenyewe.

Kumtibu mmoja tu hakusaidii. Mayai yanadondoka kwenye godoro, mkeka na nyufa za sakafu, na viroboto wachanga walio ndani ya vifuko wanaweza kukaa miezi wakisubiri. Kwahiyo tibu wanyama wote wa nyumbani kwa wakati mmoja, anika na fua matandiko, fagia kwenye kona, na uendelee na dawa angalau miezi mitatu bila kuruka. Ukanda wa pwani hatuna baridi ya kuwaua, huku ni mwaka mzima. Na naomba hili lishikwe vizuri, dawa ya mbwa yenye permethrin usimpake paka, atatetemeka, atapata degedege na anaweza kufa, na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitraz pia usimguse nayo paka.

"Chakula hakiwezi kuwa tatizo, amekula hichohicho miaka yote." Kumbe mara nyingi ni hichohicho alichokizoea, maana mwili lazima ukutane na kitu kwanza ndo uanze kukikataa. Kwa mbwa wanaosumbua sana ni nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku, kwa paka ni ng'ombe, samaki na kuku, kwahiyo kabla hujaulaumu ugali angalia kwanza ulichochanganya nao. Vipimo vya damu vya aleji ya chakula havitegemeki. Kipimo cha kweli ni kumpa wiki 8 nyama ambayo hajawahi kuila, mfano sungura, au mbuzi kama hajawahi kuonja, pamoja na viazi, basi. Mpango huo upange na daktari wa mifugo hasa kama mnyama bado ni mdogo. Mwambie dada wa kazi, watoto na mlinzi, maana mlinzi akimrushia mfupa wa kuku usiku mnaanza upya. Akipona mrudishie chakula cha zamani, mwasho ukirudi ndani ya wiki mbili umepata jibu. Paka akigoma kula usimkomoe kwa njaa, siku chache tu bila chakula zinaweza kuharibu ini lake.

Wengine wanasubiri mbwa apige chafya na kutoa makamasi kama sisi. Hapana, kwake aleji inatoka zaidi kwenye ngozi: analamba vidole vya miguu mpaka manyoya yanageuka rangi ya kutu, anajisugua uso, masikio yanauma yanapona yanauma tena. Ile ya vumbi na chavua huanza mara nyingi kati ya miezi 6 na miaka 3.

Halafu "mchome sindano moja anapona." Sindano ya steroidi inatuliza mwasho, haiondoi chanzo, na ukiirudiarudia mnyama anakunywa maji sana, anakojoa sana, na paka anaweza kupata kisukari. Kama ni upele wa utitiri, ule unaoanzia ukingoni mwa masikio na kwenye viwiko, steroidi inaufanya uzidi kusambaa, na nyie wa nyumbani mnaweza kuanza kuwashwa pia. Mwombe daktari akwangue ngozi aangalie kwenye hadubini kabla ya kuchoma chochote.

Piriton inasaidia mbwa wachache tu. Panadol kwa paka ni sumu, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua.

Na kuna aleji isiyosubiri kesho. Mbwa aliyeumwa na nyuki akivimba uso, akaanza kutapika, kuharisha, fizi zikapauka au miguu ikaishiwa nguvu, au paka akianza kuhema mdomo wazi, mpeleke kwa daktari muda huohuo na upige simu mkiwa njiani ili umkute tayari na sindano ya adrenalini.