MRI ya utando wa nje wa moyo: maana yake na jinsi inavyosomwa

Moyo umefunikwa na mfuko mwembamba wa tabaka mbili, perikadiamu. Kati ya tabaka hizo mna majimaji, mililita 15 hadi 50 kwa mtu mzima, yanayopunguza msuguano moyo unapodunda. MRI huupiga picha utando huu kwa sumaku na mawimbi ya redio, bila mionzi ya eksirei, ili ijulikane kama umenenepa, umevimba au unaubana moyo.

Kwa kawaida ultrasaundi ya moyo hutangulia. MRI huombwa majibu yakibaki na utata, hasa ikishukiwa kuwa utando umekakamaa.

Mgonjwa hubandikwa elektrodi za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kifuani ili mashine ifuate mapigo ya moyo, kisha hubana pumzi sekunde 10 hadi 15 kwa kila seti ya picha. Mapigo yakienda ovyo, picha hutoka na ukungu.

Kwenye picha za T1, aina ya picha za MRI ambamo mafuta hutoka meupe, utando ni mstari mweusi uliopita katikati ya mafuta meupe. Unene wa kawaida hauzidi milimita 2. Ukipita 4 kuna tatizo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: majimaji nayo huweza kutoka meusi, yakahesabiwa kuwa unene. Linganisha na picha za sine (picha za mwendo wa moyo), ambamo majimaji hung'aa na utando hubaki mweusi.

Baadaye mgonjwa hudungwa gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, mshipani na kupigwa picha tena baada ya dakika 10 hivi. Utando wenye inflamesheni (uvimbe unaotokana na mwili kujikinga) hung'aa. Mafuta pia hung'aa, kwa hiyo picha zirudiwe kwa mbinu ya kuzima mng'ao wa mafuta, la sivyo mafuta ya kawaida yataandikwa kuwa ugonjwa.

Unene peke yake hautoshi kabisa kutoa uamuzi, kwani hata utando mwembamba huweza kuubana moyo. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa avute pumzi ndefu huku picha zikipigwa mfululizo. Akivuta hewa ndani, ukuta unaotenganisha ventrikali (vyumba viwili vya chini vya moyo) ukasukumwa kuelekea kushoto, ujue ventrikali zinagombania nafasi: moyo umebanwa. Dalili hiyo ikiandamana na mng'ao mkali wa gadoliniamu, mara nyingi dawa za kutuliza inflamesheni hujaribiwa kabla ya upasuaji wa kuondoa utando. Chokaa iliyoganda kwenye utando MRI haiioni vizuri. Itafutwe kwa CT, yaani skani ya eksirei.