Vyombo vya Shira ya Mepo: Sabuni Iache Jikoni

Mwezi wa pili ukikaribia, wenye miti ya mepo (maple), ile ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa shira tamu, huko Maine na Vermont, majimbo ya Marekani, huanza kutoa stoo ndoo zao na mipira ya kupitishia utomvu. Siku hizi wamo na wasomaji wa Kiswahili: watu waliotoka Kongo, Burundi au Rwanda wakahamia Lewiston, Portland au Burlington, wakapata nyumba yenye miti miwili mitatu uani, au kibarua cha msimu kwa mkulima. Makala hii ni yao. Utomvu hauna adabu ya kusubiri. Usiku ukiganda chini ya sifuri na mchana ukapanda nyuzi chache juu yake, miti inaanza kutiririka, na hapo si wakati tena wa kutafuta brashi.

Kwanza ujue kwa nini usafi wa vyombo hivi si sawa na wa masufuria ya nyumbani. Utomvu wa mepo ukitoka mtini unafanana na maji, sukari yake ni takriban asilimia 2 tu. Ili upate lita 1 ya shira unachemsha kama lita 40, hadi sukari ifikie asilimia 66 au 67. Maji yanaondoka na mvuke, lakini kisichopaa kinabaki karaini na kinazidi kukolea: sukari, madini ya mti, na mabaki yoyote uliyoyaacha kwenye ndoo. Sabuni kidogo ambayo huwezi kuihisi ukionja utomvu, utaikuta kwenye shira.

Kwa hiyo sabuni usiitumie kabisa, hata ile isiyo na manukato. Najua waliofundishwa kwamba chombo kisichotoka povu hakijaoshwa wataona ajabu, lakini kwa kazi hii maji ya moto mengi na brashi laini vinatosha kwa sehemu kubwa ya vyombo. Chujio la kitambaa kizito ndilo linaloharibiwa zaidi. Linanywa sabuni na halitoi tena. Lisuuze kwa maji ya moto peke yake, likamue kwa kulibonyeza bila kulisokota, kisha lianike likauke kabisa. Likiwa tayari linanuka ukungu, nunua jingine.

Ukija kwenye mirija inayopigiliwa mtini, aliyewahi kumwona mgema wa mnazi ataelewa upesi. Mgema hana haja ya kusugua kibuyu chake kupita kiasi, maana hamira iliyobaki ndani ndiyo inayouchachusha tembo. Kwa mepo hamira hiyo ni adui. Bakteria na hamira wakiingia kwenye tundu, mti unajilinda kwa kuziba mishipa yake pale ulipotobolewa, na utomvu unakauka mapema kabla msimu haujaisha. Ndiyo maana wanaotumia mirija ya plastiki hushauriwa kuweka mipya kila mwaka. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na utomvu unaoupoteza. Mirija ya chuma ichemshe. Ncha ya keekee nayo iwe safi na kali, kwa sababu ncha butu huacha tundu lenye nyuzinyuzi.

Ndoo, matangi na mipira iliyoota utelezi huhitaji dawa. Chukua klorini ya kufulia isiyo na manukato, ile ambayo wengi tunaiita jiki, sehemu 1 kwa sehemu 20 za maji. Sugua, kisha suuza kwa maji safi ya moto, angalau mara tatu, hadi harufu iishe. Kwenye mipira mirefu ya msituni mimi singeitumia. Klorini hiyo inaacha chumvi ndani, na kindi wanaipenda chumvi kuliko unavyodhani. Ukiona mpira umetafunwa kila baada ya hatua chache, wao ndio waliopita.

Karai la kuchemshia lina tatizo lake. Chini yake utaona gamba la rangi ya maziwa au kahawia, kavu, linalokwaruza kidole. Ni chokaa ya mti iliyoungana na asidi ya maliki, na wenyeji huiita mchanga wa sukari. Likinenepa linazuia moto usifikie utomvu na shira inaungua. Usilikwangue kwa kisu wala waya. Mimina siki nyeupe hadi ipite usawa wa gamba, iache usiku kucha, na asubuhi utaona vipande vinajiachia vyenyewe ukivigusa kwa brashi ya nailoni. Siki hii ni kwa karai la chuma kisichoshika kutu. Kwenye bati lililopakwa zinki itakula zinki hiyo. Na isikutane kamwe na klorini, hata kwenye ndoo moja ya maji machafu, kwani hutoa gesi ya sumu.

Sasa hili la vyombo vya mtumba, na hapa naomba usikilize kwa makini. Kwenye minada ya mashambani ndoo za bati na makarai ya zamani huuzwa kwa bei ya kuvutia. Vingi vilivyotengenezwa kabla ya 1995 viliungwa kwa lehemu yenye madini ya risasi. Hakuna brashi wala siki inayoondoa risasi, na yenyewe pia haipai na mvuke, hivyo inakolea sawasawa na sukari. Kwa watoto wadogo inadhuru ubongo. Duka la vifaa vya ujenzi huuza vijiti vya kupimia: unasugua kwenye maungio na kuangalia kama rangi inabadilika. Kijiti kikibadilika rangi, chombo hicho kitumie kupandia maua. Vilevile ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa ya shamba haifai hata ikioshwa mara mia. Tafuta ya plastiki ya chakula.

Siku chache kabla ya msimu, ondoa majivu kwenye jiko, kagua bomba la moshi kama ndege hawakujenga kiota, na futa masizi chini ya karai. Kisha lijaze maji safi uyachemshe kwa muda. Tundu linalovuja litajionyesha hapo, ungali na nafasi ya kuliziba, na vumbi lililobaki litatoka na maji hayo unapoyamwaga. Usiliweke motoni likiwa tupu hata kwa dakika moja, litapinda.

Utomvu wa kwanza kabisa nao usiupeleke tangini. Uache upite kwenye mipira na kumwagika chini, uoshe njia yake. Onja kidogo mwisho wa mpira: ukiwa mweupe kama maji, na utamu wa mbali usio na harufu ya plastiki wala klorini, ndipo uunganishe tangi.