Injinia, kabla hujajaza fomu ya masta

Dirisha la udahili likifunguliwa, ofisini kwangu huanza kuingia wahandisi, wengine bado wamevaa viatu vya saiti. Swali lao huwa moja: "Mwalimu, nisome MBA, yaani masta ya usimamizi wa biashara, au masta ya usimamizi wa miradi?" Kabla sijataja chuo wala ada, nami huwauliza: mara ya mwisho ulipoulizwa jambo kikaoni ukakosa jibu, uliulizwa nini?

Mhandisi mmoja wa maji alinijibu papo hapo. Alikuwa ameandaa andiko la kuomba pampu mpya, na za kuchagua zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa shilingi milioni 40 na ingekula umeme wa milioni 24 kwa mwaka. Ya pili ilikuwa milioni 70, ila umeme wake ni milioni 15. Yeye alisimamia ya pili, akaonyesha grafu za ufanisi kutoka kwa mtengenezaji. Mhasibu mkuu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Injinia, hizo milioni 30 za ziada tutazikopa benki. Zinarudi lini, na riba ikifika ngapi hatufaidiki tena?" Jibu hakuwa nalo. Ikanunuliwa ya kwanza.

Tukakaa na karatasi. Akiba ni milioni 9 kwa mwaka, kwa hiyo milioni 30 zinarudi baada ya miaka mitatu na miezi minne. Hesabu hiyo alikuwa nayo kichwani tayari. Kilichomshinda ni kwamba shilingi ya mwaka wa sita haina uzito wa shilingi ya leo. Tukachukulia pampu itafanya kazi miaka sita. Kwa riba ya asilimia 15, akiba zote za miaka hiyo zikirejeshwa kwenye thamani ya leo zinafika kama milioni 34, yaani faida ya milioni 4. Kwa asilimia 20 zinashuka hadi milioni 29.9, na faida yote imeyeyuka. Akaitazama karatasi kwa muda. "Kumbe hakuwa ananipinga," akasema. "Alikuwa anauliza riba."

Mhandisi wa namna hiyo anahitaji fedha, uhasibu wa menejimenti na uchumi wa maamuzi. Hayo atayapata kwenye MBA, na atayapata pia kwenye shahada ya uzamili ya usimamizi wa uhandisi, ambayo wengi hawajui kama ipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, mbali na Shule Kuu ya Biashara kina masomo ya usimamizi wa uhandisi kwenye Ndaki yake ya Uhandisi na Teknolojia. Fikra hiyo si ngeni. Chuo cha MIT cha Marekani kilianzisha masomo ya utawala wa uhandisi mwaka 1914, na shule yake ya biashara ya leo imekua kutoka kwenye mbegu hiyo.

Tofauti ya shahada hizi iko kwenye watu utakaokaa nao na mifano mtakayoichambua. Darasa la MBA lina mtu wa benki, daktari, ofisa masoko na mwanasheria. Utajifunza jinsi wanavyofikiri watu watakaosoma maandiko yako maisha yako yote. Darasa la usimamizi wa uhandisi litazungumzia matengenezo ya mitambo, ubora, mnyororo wa ugavi na uendeshaji wa viwanda, na hakuna atakayekuomba ueleze transfoma ni nini. Ukitaka kubaki kwenye uhandisi ukiongoza wahandisi, la pili linakufaa zaidi. Ukijiona unaelekea ukurugenzi mkuu au kampuni yako mwenyewe, nenda la kwanza. Huo ndio ushauri wangu, ingawa wapo wenzangu wasiokubaliana nao.

Wa pili niliyemuuliza swali langu alikuwa injinia wa mkandarasi wa barabara. Mvua na ucheleweshaji wa kukabidhiwa eneo vilimla miezi mitatu. Alistahili kuongezewa muda na gharama, lakini barua ya kudai aliiandika mradi ukielekea ukingoni. Mkataba ulikuwa wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotunga mikataba ya mfano ya ujenzi, toleo la 1999, na masharti yake ya jumla yanamtaka mkandarasi atoe taarifa ya dai ndani ya siku 28 tangu alipolifahamu, au alipopaswa kulifahamu, tukio lililozaa dai hilo. Zikipita, haki imepotea. Huyu alikuja akitaka MBA. Nilimwambia wazi kwamba angetumia miaka miwili kusoma masoko na tabia za wafanyakazi, na siku ya mwisho bado asingejua kuandika taarifa ya dai. Kwake ilifaa masta ya usimamizi wa miradi yenye somo zito la mikataba na ununuzi, au hata kozi fupi ya mikataba kwanza, halafu aone.

Nchi sasa ina kazi nyingi za namna hiyo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Nyuma ya kazi kama hizo kuna ratiba, vyeti vya malipo, barua za maelekezo na madai, na mezani upande wetu lazima akae mtu anayeyasoma masharti ya mkataba kama anavyosoma mchoro.

Kwa vijana nina neno moja la ziada. Kama bado umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, maliza kwanza safari ya kuwa mhandisi mtaalamu. Inadai miaka isiyopungua mitatu ya kazi inayosimamiwa, na masta ya menejimenti haiwezi kuziba pengo hilo. Nimewaona wenye MBA nzuri wakikosa kuwekwa kwenye orodha ya wataalamu wa zabuni kwa sababu hiyo tu, na huwa inaniuma, kwa kuwa ni jambo ambalo wangeweza kulipanga mapema.

Sasa ratiba, ambayo ndiyo huwaangusha wengi kuliko ugumu wa masomo. Masomo ya jioni yanakudai uwe mjini saa kumi na moja, siku nne au tano kwa wiki. Kwa anayefanya kazi ofisini Dar es Salaam inawezekana, ijapokuwa foleni ya Morogoro Road ina maamuzi yake. Kwa anayeweza kuhamishiwa saiti ya Katavi katikati ya muhula ni hatari. Huyo atafute masomo ya vipindi vya mkupuo, yaani ya siku chache mfululizo badala ya kila jioni, au ya masafa kama ya Chuo Kikuu Huria. Ongea na mkuu wako kabla ya kulipa ada, na makubaliano yawe kwa maandishi. Mwajiri akikulipia, soma mkataba wa kumtumikia baada ya masomo: ni miaka mingapi, na ukiondoka mapema unarudisha kiasi gani.

Kisha kuna tasnifu. Masomo ya darasani mhandisi huyamaliza, kwa sababu amezoea mitihani. Baada ya hapo darasa linatawanyika, kundi la WhatsApp linapoa, na aliyebaki na tasnifu anabaki peke yake. Wapo waliokaa hapo miaka mitatu. Dawa ninayoijua ni kuingia na mada mkononi tangu muhula wa kwanza, mada iliyo kwenye meza yako ya kazi, yenye data unayoruhusiwa kuitumia. Yule mhandisi wa maji alichagua gharama za umeme za vituo vyake mwenyewe vya kusukuma maji. Takwimu alikuwa anazijaza kila mwezi kwa mkono wake.

Chuo chochote utakachochagua, hakikisha kwenye orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwamba chuo na programu yenyewe vimeidhinishwa. Ukisoma chuo cha nje, hata kwa mtandao, cheti chako kitahitaji kutambuliwa na Tume hiyo hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kutuma fedha. Omba pia mtaala kamili, usome majina ya masomo moja baada ya jingine, na utafute mhitimu wa miaka miwili iliyopita umuulize alikaa muda gani kwenye tasnifu na msimamizi wake alimjibu kila baada ya siku ngapi.

Ukija kwetu kuulizia, njoo na lile swali ulilokosa jibu kikaoni, limeandikwa. Tutafungua mtaala pamoja tuone linajibiwa kwenye somo gani. Tusipoliona, nitakuambia uende kwingine.