Baharia wa meli ya kitalii hatalii

Wengi hudhani anayefanya kazi kwenye meli za Karibi analipwa kutembea: leo Nassau, kesho Cozumel. Visiwa anaviona, ndiyo, mara nyingi kwa saa mbili tatu, tena akihangaikia intaneti apige simu nyumbani. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa 2006 unaruhusu kazi hadi saa 14 kwa siku.

Maisha yenyewe yako chini, kwenye chumba kisicho na dirisha, kitanda cha ghorofa. Mfilipino wa juu yako anakuwa ndugu (mnajuana hadi mikoromo). Kisha mkataba wake unaisha, anashuka Miami asubuhi, na jioni hiyohiyo kitanda kina mwenyewe mwingine.